Kilio Changu cha Maktaba

Mimi nimelia hadharani mara moja tu, tena kwa sababu nzuri. Dada yangu alikuwa amekufa. Tangu siku hiyo sijanyamaza, kwa maana televisheni ya umma ya kanda yetu imekataa ninyamaze. Basi likipinduka, radi ikiua watu Kisii, walevi wakinywa pombe mbaya wakapofuka, ni mimi ninayetolewa maktaba nikalie. Nimewalilia watu nisiowajua, na wengine wao nina hakika hawakustahili machozi ya mtu.

Wacha nieleze vile ilikuwa, maana kuna wanaodhani nilikwenda kujionyesha. Dada alizikwa kule alikoolewa, jirani tu na kwetu, juu ya Magunga, mahali ukisimama unaiona mbuga yote chini. Kwetu Wajaluo mwanamke haingii matangani kimya kama anayeingia benki. Anaanzia barabarani, mikono kichwani, anakimbia mpaka langoni akipiga nduru, anamwita marehemu na kumuuliza amemwachia nani dunia hii. Ukiingia kimya watasema wewe ndiwe uliyemroga. Kwa hivyo nilipiga nduru, na sikuigiza. Huyo dada ndiye aliyenifundisha kushona. Ndiye aliyenipa cherehani yangu ya kwanza, na nilimpenda kuliko mama aliyetuzaa, Mungu anisamehe.

Kamera haikuja kwa ajili ya dada. Nani angemletea fundi wa nguo kamera? Ilikuja kwa ajili ya mheshimiwa mmoja ambaye msimu ule alikuwa hakosi maziko, hata ya mbwa angehudhuria kama wenye mbwa wangekuwa na kura. Mheshimiwa alichelewa. Wapiga picha walikuwa wameshafunga kipaza sauti chao kwenye nguzo ya lango wakimtegea, na mimi nikafika nikapiga nduru yangu hapo hapo kando yake. Wakanirekodi ili wasikae bure. Jioni kwenye habari mheshimiwa alikuwa anaongea juu ya bei ya mbolea, na mimi nimewekwa mbele yake nikilia. Mtu asiyejua angefikiri nalilia mbolea.

Siku ile sikukasirika. Mtu akifiwa hana nafasi ya kukasirikia televisheni. Nilirudi Migori, nikafungua kibanda changu cha kushona sare za shule, wateja wakanipa pole, wakasema wameniona kwa TV, nikasema asante. Nilidhani yameisha.

Halafu likapinduka lori lililobeba abiria huko mbali kabisa, upande ambao sijawahi hata kupita. Habari za saa moja zikaanza, na mimi huyo, leso imeniteleza, naingia langoni kwa dada. Kwenye kona ya kioo waliandika "maktaba" kwa maandishi madogo ambayo ungehitaji miwani na dakika nzima kuyasoma. Baada ya lori ikawa radi. Baada ya radi ikawa pombe. Wauguzi walipogoma nikatolewa tena kuonyesha uchungu wa wananchi. Kufa kufaana, ndivyo walivyosema wahenga, ila hawakusema kwamba kifo kimoja kinaweza kuwafaa watu wa televisheni mara nyingi hivyo.

Watu wa soko la Migori hawana huruma, na mimi pia sina, ndiyo maana tunapatana. Jirani yangu wa mitumba akawa ananisalimia asubuhi, "Mathe, leo umelilia nani?" Vijana wa bodaboda wakipita mbele ya kibanda wanaweka mkono mmoja kichwani na kupiga nduru ya uongo, wananicheka hao, wanaenda zao. Niliwatukana kwa Dholuo na kwa Kiswahili, na kwa hasira zangu hata Kikuria kidogo nilichookota mpakani. Wakafurahi zaidi. Siku moja mama mmoja alimleta binti yake nimpime gauni la harusi. Aliponitazama vizuri akamshika binti mkono na kumtoa nje. Alisema mikono ya kilio haishoni nguo ya bibi harusi. Nilimfuata mpaka barabarani nikamwambia binti yake ana makwapa kama ya mpiga kasia na hakuna fundi angemwokoa. Iliniuma siku nzima, lakini hayo ya sokoni ningeyameza.

Ya nyumbani ndiyo yaliyonikaba. Nimeolewa Sindo. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko, na binti yetu mmoja alikuwa darasa la pili katika shule hiyo hiyo, analala kwa bibi yake, mamake mume wangu. Mimi nilikuwa nakaa Migori siku za kazi na kwenda nyumbani wikendi. Mpango huo ulikuwa wa mama mkwe mwenyewe. Alipenda kulea, na alipenda vitu nilivyoleta.

Sasa, kuna jambo moja ambalo kwetu halichezewi. Nduru ya mwizi ina namna yake na nduru ya maiti ina namna yake, hata mtoto anazitofautisha. Hiyo ya maiti haipigwi katika boma lisilo na maiti. Mwanamke akiipiga bure, anaita kifo. Na kikiitwa, huja. Mama mkwe ni Msabato wa kweli, hagusi kambare wala samaki yeyote asiye na magamba, na atakuambia mambo ya kienyeji ni ya shetani. Lakini hilo moja hakulikabidhi kanisa.

Watu wa mjini huniuliza, si angezima tu hiyo TV? Hawajui wanachosema. Kwanza ni mimi niliyemnunulia, pamoja na sola yake. Pili, antena ya pale inashika kituo hicho kimoja. Tatu, ndicho kituo kinachotangaza vifo kabla ya habari, na mwanamke wa umri wake akikosa matangazo ya vifo atawezaje kuishi na majirani? Akisubiri kilio cha watu anakipata changu. Na hata angezima yake, nyumba za jirani zimewasha, na nduru yangu inavuka ua kama kawaida.

Mwanzoni alinung'unika tu. Halafu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akafa. Alikuwa anakunywa chang'aa tangu kabla sijaolewa, ini lake lilikuwa limekwisha, daktari alimwambia na sisi tulimwambia na kuku wa pale nadhani walijua. Lakini alikufa wiki ile ile niliyolia kwenye habari za mafuriko, ndani ya sebule ya mama yake, kwa sauti kubwa. Basi. Ini likasahaulika.

Mama mkwe alingoja maziko yaishe. Wake waliotoka kwingine kwetu huitwa kwa kule walikotoka, ukiwa binti wa mahali fulani unabaki binti wa hapo mpaka kaburini. Aliniita akiwa anachambua dagaa, hakuniangalia. Alisema, "Nyar Magunga, hiyo sauti yako ikinyamaza kwenye kile kitu, urudi. Kabla ya hapo usikanyage hapa. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa boma hili."

Nilimtazama mume wangu. Wanawake wenzangu husema nina bahati kupata mume mpole. Upole wa mume ni mzuri mpaka siku mamake anapokasirika. Alisema tumpe mama muda apoe. Nikamwambia nimchukue mtoto twende naye Migori, akasema tusimharibie masomo katikati ya muhula. Nilimchukia hapo aliposimama, na shati lake nililolishona mimi. Nilikwenda zangu. Mtoto alinisindikiza mpaka kwenye lango akiuliza Jumamosi nitamletea nini.

Kwa hivyo nikaanza kuitafuta hiyo televisheni. Katika mji wa Migori ilikuwa na mwakilishi mmoja, mwanamke wa makamo, ofisi yake ni meza moja ndani ya saibakafe. Alinitambua kabla sijaketi. Alinieleza kazi inavyokwenda bila kunificha, na nilimpenda kwa hilo tu. Mhariri Kisumu akipata habari ya msiba isiyo na picha, anaandika neno kilio kwenye kompyuta ya maktaba. Vinatokea vilio. Kimoja kinatikisika, kingine mbwa anabweka, kingine simu ya mtu inaita katikati. Changu ni safi, kwa sababu ya kile kipaza sauti cha mheshimiwa. Wahariri wanakipenda. Mmoja wao alishasema mkutanoni kwamba yule mama wa Magunga analia kwa kiwango.

Nikamwambia akifute. Alitikisa kichwa. Alisema yeye hana ruhusa ya kufuta hata habari yake mwenyewe. Mhariri hawezi, maktaba haifuti kitu bila mkurugenzi, mkurugenzi hagusi bila bodi, na bodi hukutana juu ya mambo makubwa. Ila bodi hiyo inakuja Homa Bay kupokea maoni ya umma, kwa sababu sheria iliyokiunda kituo inawalazimu kusikiliza wananchi. Aliniambia niende, niketi mbele, nisilie. Nisilie! Nilicheka mpaka wenye kompyuta wakageuka.

Ukumbi wa Homa Bay ulijaa, na viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Asubuhi yote ilikwenda kwa maombi na kutambulishana. Mwenyekiti wa bodi akatambulishwa, naibu wake akatambulishwa, kamati ya fedha, kamati ya vipindi, kamati ya ukaguzi, kila mtu anasimama na shahada zake zinasomwa, tunapiga makofi. Walionyesha filamu fupi ya kazi nzuri ya kituo. Nilikuwemo. Sitanii, nilikuwemo, nikilia, chini ya maneno "karibu na wananchi". Waliokaa karibu nami walinitazama mimi na kuitazama filamu, halafu mimi tena.

Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema yote. Dada, lango, shemeji, boma, mtoto. Nilisema shida si kuonekana. "Ni sauti," nikasema. "Sauti yangu inapiga nduru kwenye nyumba isiyo na maiti." Wanabodi watatu au wanne walikuwa watu wetu kabisa, na niliwaona walivyoshusha macho. Mama mmoja kati yao alivuta mkoba wake akauweka mapajani. Walikuwa wamenielewa. Hilo ndilo nisilowasamehe, kwamba walinielewa.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti nzuri, anayesema Kiswahili cha vitabu chenye lafudhi ya nyumbani kwetu. Alivua miwani.

"Mama, aliyelia pale ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana. Dada yangu alikuwa amekufa."

"Basi picha ni ya kweli. Na sisi kituo cha umma kazi yetu ni ukweli."

Ukumbi ukapiga makofi. Nawaambia walipiga makofi, watu ambao kwao hakuna hata mmoja angekubali mkewe apige nduru kwenye boma lililo salama. Halafu wakili wa bodi akafafanua kwa upole kwamba maziko ni mahali pa wazi, kamera ilinunuliwa kwa kodi, kwa hivyo kilio kile ni mali ya umma na bodi ni mdhamini tu. Nikamwambia kama ni cha umma, umma uje ukilie wenyewe. Watu wakacheka, nami nikaona nimewachekesha tu, sijapata kitu. Kesi ya nyani nilimpelekea ngedere. Mwenyekiti akasema mila zetu anaziheshimu, lakini bodi huongozwa na sera, na katika sera kuna kifungu cha faragha ya mwananchi. Kamati ya vipindi italiangalia suala langu chini ya kifungu hicho.

Wakati wa chai alinijia mwenyewe, kikombe mkononi, akaniinamia na kuniambia kwa Dholuo, polepole, wengine wasisikie: "Nyathina, kwangu nyumbani nisingekubali. Lakini hapa nimekalia kiti." Nyathina ni mwanangu. Aliniita mwanawe, kisha akarudi kwenye kiti chake. Mlangoni tukagawiwa kofia zenye nembo ya kituo, na yangu niliichukua kwa sababu jua lilikuwa kali.

Kofia ilikuwa bado mpya nilipopigiwa simu kutoka Kisumu. Sauti ya msichana mwenye adabu. Alisema malalamiko yangu yamejadiliwa na kamati, bodi imepitisha, na wahariri wameshatekeleza. "Hutaonekana tena, mama." Nilimshukuru mpaka nikajionea haya. Nilimpigia mume wangu, naye akamwambia mama yake, na mama yake akasema nije.

Nilishona gauni la mtoto kwa kitambaa kizuri ambacho kuna mtu alikikataa. Nilifika Sindo Jumapili mchana. Mama mkwe alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alipika samaki, ngege wa mchuzi, akaniuliza habari za Migori, akacheka nilipomsimulia yule mama wa gauni la harusi. Mtoto alikuwa amepoteza jino la mbele na alitaka nilitazame pengo kila baada ya muda. Alivaa gauni, akakataa kulivua, jioni akaja kunikalia mapajani nalo. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo wazi, kwa sababu sijawahi kuwa nayo tena namna ile.

Matangazo ya vifo yakaisha, habari za saa moja zikaanza. Kulikuwa na ajali ya lori na tuktuk upande wa Rongo. Kisha likatokea lango la kwa dada.

Uso wangu walikuwa wameufuta. Palikuwa na ukungu pale, ule wanaowawekea wabakaji na waliobakwa. Lakini gauni lilikuwa lile lile, na mikono ile ile kichwani, na nduru ilikuwa nzima, kutoka barabarani mpaka langoni. Hata walikuwa wameiongezea. Zamani mtangazaji alikuwa akiongea juu yake. Safari hii alinyamaza akaiacha ilie peke yake, nadhani kwa heshima.

Mtoto aligeuka mapajani mwangu. Hakutazama TV. Alinitazama mimi, akaweka mikono yake miwili juu ya mdomo wangu, akaubana. Nilikuwa sijasema neno. Nilijaribu kuitoa hiyo mikono taratibu, naye akazidi kubana, mpaka baba yake akaja kumnyanyua.

Mama mkwe alikuwa amesimama. "Umeingia nayo," akasema. Hakupaza sauti wala hakunitukana, na ingekuwa heri angenitukana. Zamani nduru ilikuwa inakuja peke yake na mimi nikiwa Migori. Sasa ilikuwa imekuja na mwenyewe, imekaa sebuleni, imemshika mtoto wa boma. Usiku huo nililala kwa jirani. Asubuhi vitu vyangu vilikuwa nje ya lango, vimekunjwa vizuri, na mume wangu alivibeba mpaka barabarani akiniambia tumpe mama muda.

Nilipiga Kisumu. Yule msichana mwenye adabu alisikiliza, akaenda kuuliza, akarudi. Alisema faragha yangu imelindwa kikamilifu, uso hauonekani, na kwa mujibu wa sera sauti ya kilio haimtambulishi mtu. Nikamwambia mtoto wangu amenitambua. Alisema anasikitika, lakini suala hilo kwenye bodi limefungwa. Baadaye nilimwona mwenyekiti kwenye kipindi, akieleza jinsi kituo kinavyojali wananchi, kwamba hata mama wa kawaida kutoka kijijini alileta lalamiko lake na bodi nzima ikalishughulikia. Alisema kwa fahari, na alikuwa anasema kweli tupu.

Nasikia mume wangu anatafutiwa msichana wa upande wa Mbita, mtulivu. Kila la heri kwao. Mimi nimebakiwa na simu. Mama mkwe amekubali nizungumze na mtoto Jumapili, kwa simu ya baba yake, mtoto akiwa nje ya nyumba, ili sauti yangu isiingie ndani. Jumapili iliyopita nilipiga, nikasikia viatu vyake, nikasikia anapumua.

"Mama," akasema, "nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, watu wote ni wazima.

"Basi umepiga ya nini?"